Mlinzi wa Moshi wa Plotini

Mwezi wa nane nyasi za Plotini hukauka mpaka zikapata sauti. Upepo ukipita zinanong'ona kutoka uzio hadi uzio, na mtu aliyetulia juu ya kilima cha mawe anaweza kuusikia mnong'ono huo ukija kutoka mbali, ukampita miguuni, ukaenda zake. Perpetua alikuwa ametulia juu ya kilima hicho kila msimu wa moto kwa miaka mingi, blanketi la Kisotho mabegani juu ya kitenge chake, darubini mapajani, redio ya upepo kando ya kiti. Kazi yake ilikuwa kutazama moshi.

Plotini haimo kwenye ramani. Ni mashamba madogo yaliyo kusini kabisa mwa Johannesburg, pale taa za barabarani zinapokoma na lami kugeuka vumbi. Wenyeji waliyaita "plots", na Perpetua alipofika kutoka Morogoro akalitia neno hilo mkia wa Kiswahili. Alilisema kwa muda mrefu hivi kwamba hata waliozaliwa pale wakaanza kusema wanakwenda Plotini, bila kujua mkia huo umetoka wapi.

Jumamosi ile ilikuwa iwe ya mwisho kwake. Mumewe, Ephraim, alifariki mwaka uliotangulia. Binti yao Eva, anayefanya kazi katika maktaba ya chuo kule Braamfontein, alimbembeleza mama yake mpaka akakubali: mwisho wa mwezi angehamia kwake ghorofani, karibu na basi, karibu na hospitali. Asubuhi Eva aliwasili na maboksi matupu ya kufungia vitu, akamkuta mama yake ameshavaa viatu vya kupandia.

"Mama, hata leo?" Aliuliza kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa chote tangu utotoni, lakini kikimfika mdomoni kiligeuka Kiingereza, au Kizulu.

"Leo hasa. Hebu usikie huo upepo."

"Na vitu je?"

"Anza na vyombo vya jikoni. Sufuria kubwa usilifunge, huenda tukalihitaji."

Eva alicheka, akatikisa kichwa, akaingia ndani. Perpetua akapanda kilima polepole, akipumzika kila baada ya mawe machache.

Juu kule mchana ulikuwa mweupe. Mbali kaskazini, majengo ya mji yalielea ndani ya vumbi kama kitu kilichochorwa kwa penseli kisha kikafutwa nusu. Jua la kipindi cha baridi lilimpasha uso bila kumchoma. Katika saa kama hizo mawazo ya Perpetua yalikuwa na tabia ya kutoka na kwenda kutembea. Yalikwenda Uluguru, kwenye ukungu unaoteremka asubuhi kupitia migomba. Yalikwenda soko la Morogoro, kwa kijana mmoja mwembamba, mkimbizi wa siasa kutoka kusini, aliyekuwa akinunua ndizi kwa Kiswahili kibovu na kurudi kesho yake kununua nyingine kabla za jana hazijaliwa. Kijana huyo ndiye Ephraim. Nchi yake ilipofunguka alirudi kwao pamoja na Perpetua, akapata kazi ya ualimu, wakapata kiwanja hiki chenye nyumba ndogo na kisima.

Upande wa pili wa waya aliishi mtu mmoja aitwaye Gerrit, na ng'ombe wake. Neno Kaburu Perpetua alikuwa amelisikia redioni tangu msichana, na siku zote alilipa sura ya mtu mwenye bunduki. Sasa Kaburu mwenyewe alikuwa pale, na kofia ya kitambaa, akimkemea ndama. Hakusalimia. Wala Ephraim hakumsalimia. Miaka ikapita, majirani wakitazamana kupitia waya kama watu walio pande mbili za mto usio na daraja.

Kisha ukaja moto mkubwa. Eva alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Moto ulitokea magharibi adhuhuri, ukiwa mrefu kuliko nyumba, na mbele yake sungura na kwale wakikimbia pamoja. Zimamoto ya jiji ilikuwa mbali. Kabla king'ora hakijafika, nyasi zingekuwa zimekwisha. Ephraim alilowesha gunia, akasimama peke yake mbele ya uzio, akaanza kupiga. Perpetua alikuwa akichota maji kisimani alipoona mtu anatoka ndani ya moshi, naye ana gunia. Alikuwa Gerrit. Alikuwa amekata waya wake mwenyewe ili apite.

Wanaume wale wawili walipiga moto bega kwa bega mpaka jua likalala, bila kusema neno. Moto ulipokufa Gerrit aliketi chini kwenye majivu. Perpetua alimletea jagi la maji. Akanywa nusu, akampa Ephraim nusu.

"Mara nyingine," Gerrit alisema, "tusianze na magunia."

Hivyo ndivyo kikosi cha Plotini kilivyozaliwa. Gerrit alitoa bakkie lake kuukuu, lile gari dogo la mzigo ambalo kila mtu kule analo au analitamani. Walilifunga tangi la zamani la maziwa mgongoni, na pampu. Mikanda ya mpira iliyotupwa na migodi waliikata vipande, wakaipigilia kwenye mipini mirefu, ikawa vipigo vya kuzimia moto. Ephraim aliwafundisha watu kufyeka barabara za kuzuia moto kati ya mashamba kabla nyasi hazijakauka. Walikuja mwenye spaza, yaani duka dogo la nyumbani, walimu, watunza bustani, wafuga kuku. Gari watoto waliliita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, kwa sababu lilikohoa likiamka na likiamka halikuishiwa nguvu.

Na kikosi hakikuwa cha moto peke yake. Bomba likikauka, Gogo alipeleka maji. Kukiwa na msiba, turubai na viti vilitoka kwenye banda walilomjengea Gogo. Arusi zilichezwa humo, ugomvi wa mipaka ulisuluhishwa humo. Watu ambao wasingekaribishana nyumbani walikaribishana bandani. Hata lugha ya redio ilikuwa ya banda lile, ya kuokoteza. Perpetua alipoona moshi kwa mara ya kwanza akiwa mlinzi, kwa hofu alipiga kelele kwa Kiswahili, "Moshi! Moshi!" Majirani Wasotho wakamwelewa papo hapo, kwa kuwa kwao ni "mosi". Tangu siku hiyo neno la kikosi likawa hilo. Gerrit mwenyewe alilisema.

Ukungu wa Uluguru ulikuwa bado machoni mwa Perpetua alipoona uzi mweupe ukipanda kutoka nyuma ya shamba la mahindi lililovunwa. Aliutazama kwa upole, akidhani ni sehemu ya mawazo yake. Uzi ukainama. Kisha harufu ikamfikia, akasimama, blanketi likaanguka.

"Moshi! Moshi magharibi, nyuma ya mahindi!"

Redio ilikwaruza. "Nimekusikia, Mma Eva," ilijibu sauti ya Gerrit. Alimwita hivyo siku zote, Mama Eva, kwa Kisotho. Alikuwa mzee sasa, hakuendesha tena, lakini alikuwa bado mkuu wa kikosi, na msimu wa moto alishinda bandani na redio mkononi. "Rangi gani?"

"Mweupe, unageuka kahawia. Unalala chini, Oom."

Oom ni jina la heshima la Kikaburu, kama kusema baba mkubwa. Wote walimwita hivyo.

"Ukilala chini ni upepo," alisema Gerrit. "Parfait! Mwamshe Gogo!"

Parfait alikuwa fundi wa magari kutoka Lubumbashi. Alikuja siku moja kutoka gereji ya Doornfontein kutengeneza pampu, akaambiwa abaki ale, akabaki mpaka leo. Perpetua alilisikia gari likikohoa kule chini. Kwa darubini aliona vijana wawili wakiruka nyuma na vipigo. Aliona pia kuwa hakuna mtu kwenye mpira wa maji, maana mshikaji alikuwa amekwenda kuzika Soweto. Halafu akaona jezi ya buluu ikitoka mbio kwenye lango lake mwenyewe, ikivuka barabara, ikidaka mkono ulionyooshwa, ikapanda.

"Eva," alisema, lakini hakuwa amebonyeza redio.

Hakuna aliyehitaji kumfundisha Eva. Baba yake alimfundisha kushika mpira ule angali binti wa shule, akizima mioto ya majani makavu nyuma ya banda. Perpetua alimwona akifunga kitambaa puani, akikaza miguu. Jeti ya maji ikachomoka, ikametameta juani.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Gogo alifuata ubavu wa moto kama mchungaji anayefuata kundi, na vijana wa vipigo wakafuata nyuma kuzima masalia. Majivu yalianza kuanguka kilimani, mepesi, yakikaa kwenye nywele za Perpetua na kwenye mikono yake. Jua likawa jekundu, dogo, mtu aliweza kulitazama bila kupepesa macho. Kila kitu kilikuwa mbali na kimya. Ng'ombe walitembea ndani ya moshi wakionekana na kupotea, hawana miguu.

Ghafla mnong'ono wa nyasi ukakoma. Perpetua aliusikia ukimya huo kabla hajaelewa maana yake. Upepo ulishusha pumzi, ukageuka.

Moto ulifika kwenye mgongo wa mawe, ukagawanyika kama maji yanavyogawanyika kwenye jabali. Ulimi mmoja ulipanda mteremko kuelekea nyumba ya Gerrit. Wa pili ulishuka bondeni, kwenye mabanda ya mabati ya kando ya mto, wanakokaa watu waliokuja Plotini miaka ya karibuni na hawana visima wala nyuzio. Katikati ya mabanda hayo mama mmoja aitwaye Orpha alilea watoto wa wanawake wanaofanya kazi mjini, hata Jumamosi. Perpetua aliinua darubini. Kwenye kamba ya Orpha nguo ndogo zilikuwa zinapeperuka kuelekea upande usiofaa.

Gogo alikuwa mmoja tu.

Alishika redio, akanyamaza. Aliijua nyumba ile ya mteremkoni, kibaraza chake, kinanda cha marehemu mke wa Gerrit ambacho hakuna aliyekipiga tena lakini kilipanguswa vumbi kila wiki. Kwa kitambo kifupi alijiuliza kama angeweza kutaja ulimi mmoja tu, ili uamuzi umwangukie yeye, si mwenye nyumba.

Kisha akabonyeza. "Oom Gerrit. Moto umekuwa miwili. Mmoja unakwenda mtoni kwenye mabanda. Mwingine unapanda kwako."

Redio ilikwaruza tupu.

"Mtoni kuna watoto?" aliuliza Gerrit.

"Wako kwa Orpha. Naona nguo zao."

"Gogo aende mtoni."

"Oom, nyumba yako..."

"Nimekusikia, Mma Eva. Gogo aende mtoni. Parfait, umesikia?"

"Nimesikia, Mzee," alijibu Parfait, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Gari likageuka, likazama ndani ya moshi. Sasa Perpetua hakuona gari wala jezi ya buluu. Aliona tu kibendera cha rangi ya chungwa kilichofungwa kwenye fimbo ndefu nyuma ya tangi, kikielea juu ya ule weupe.

"Maman!" ilikuwa sauti ya Parfait, kwa Kiswahili cha kwao. "Shioni kintu! Moshi iko mingi, njia iko wapi?"

Mbele ya kibendera palikuwa na korongo, mpasuko wa udongo uliochimbwa na mvua. Perpetua alilijua kama alivyoujua ufa wa ukuta wa chumbani kwake.

"Simama! Simama hapo hapo. Korongo liko mbele yenu."

Kibendera kikasimama. Kisha redio ikashikwa na mtu mwingine.

"Mama," alisema Eva. "Tuonyeshe njia. Mimi nitamwambia."

Alisema kwa Kiswahili, na Perpetua hakupata nafasi ya kushangaa.

"Kulia, mwanangu. Polepole. Kulia tena. Sasa nyooka."

"Tunanyooka."

"Kuna mawe kushoto, yaacheni. Teremka. Usiogope, ni mteremko tu."

"Ninakusikia, Mama. Endelea kusema."

Akaendelea kusema. Baadaye hakukumbuka yote. Huenda alisema majina ya njia, huenda alisema tu mwanangu, mwanangu, kama mtu anayembembeleza mtoto usingizini. Alichokumbuka ni kile kibendera kikimfuata, kikigeuka alipotaka kigeuke, mpaka kikatoka upande wa pili wa moshi, kwenye jua, juu ya mabati yanayong'aa ya kando ya mto.

Watu wa mabandani walikuwa wameshatoka na ndoo na mablanketi yaliyoloweshwa. Orpha alikuwa amewapanga watoto ndani ya maji ya mto, yaliyofika magotini, wameshikana mikono. Parfait alipitisha gari kwenye kijia kati ya mabanda na nyasi, Eva akilowesha upande wa mabanda, na vijana nyuma yake wakawasha upande wa nyasi, moto mdogo wa kwenda kukutana na ule mkubwa na kuunyima chakula. Mioto miwili ilikwenda ikatafutana. Ilipokutana ilisimama wima pamoja, mirefu, kwa muda wa pumzi moja. Kisha ikaketi, ikawa moshi.

Katika mstari wa mablanketi, kati ya wanawake wa mtoni, Perpetua aliona kofia ya kitambaa. Gerrit alikuwa ameshuka kwa miguu kutoka bandani. Alikuwa akipiga moto kwa gunia, akiipa nyumba yake mgongo.

Ni Perpetua pekee aliyeiona ikiungua. Iliungua bila kelele, kwa sababu ya umbali. Pazia moja lilitoka dirishani likiwaka, likapaa, likapinduka mara mbili hewani kama ndege anayejaribu mabawa. Bati lilikunjamana taratibu. Alibaki amesimama, darubini machoni, akiona kuwa mtu fulani lazima aitazame mpaka mwisho, kama vile mtu hukaa na mgonjwa.

Jioni walikusanyika bandani. Ule ulikuwa moto wa kwanza kwa wengi wa watu wa mtoni, na walikuwa hawajawahi kuingia banda la Gogo. Walisimama mlangoni na watoto mpaka Perpetua akawaambia karibuni, kwani banda lina mwenyewe? Sufuria kubwa lilipikiwa uji wa tangawizi. Parfait alilala kwenye benchi na viatu vyake. Gerrit walimpa kikombe, na kila aliyepita akamgusa bega.

Perpetua alimtandikia Gerrit chumba alicholala Eva alipokuwa mdogo. Asubuhi alimkuta ameketi jikoni kati ya maboksi, amevaa shati la marehemu Ephraim, limembana kifuani.

"Ulinyamaza kidogo jana," Gerrit alisema. "Kabla ya kuniambia."

"Nilinyamaza, Oom."

"Nilijua unanihurumia. Nikaogopa utanificha." Aliitazama mikono yake, iliyovimba malengelenge. "Ephraim asingenificha. Nami nikajiambia, huyu naye hatanificha."

"Ningeweza," alisema Perpetua.

"Najua. Ndiyo maana nakushukuru."

Wakanywa chai. Nje, kutoka upande wa mto, kulisikika mlio wa mabati yakigongana. Wanaume wa mabandani walikuwa wanapanda mteremko, kila mmoja na kipande chake kichwani, wengine na nyundo. Gerrit alikwenda mlangoni. Akavaa kofia yake, akawafuata.

Eva aliamka baadaye, nywele zake zikiwa za kijivu kwa majivu. Alirudi kwenye Kiingereza chake, na mama yake hakumdai kingine. Aliangalia maboksi, akamwangalia mama yake.

"Huji," alisema.

"Nitakuja mvua zikianza. Nyasi zikiwa mbichi hapa hakuna cha kutazama, nitakaa na wewe nihesabu mabasi. Zikikauka utanirudisha."

"Na kilima je, Mama? Magoti yako?"

"Nitapanda mapema zaidi."

Eva alifikiri. Akalichukua boksi la vyombo, akalifungua, akaanza kurudisha vikombe kwenye kabati. "Basi Jumamosi za msimu mimi niko kwenye mpira," alisema. "Mwambie Oom Gerrit aniandike."

"Mwambie mwenyewe. Yuko kule juu anapigiwa mabati misumari."

Mwezi uliofuata, kabla hata tone la mvua, ardhi nyeusi ya Plotini ilianza kutoa manyoya ya kijani. Ndivyo zilivyo nyasi za kule, haziisubiri mbingu. Wakati kuta mpya za Gerrit zikiwa zimefika madirishani, waliwasili yangeyange, ndege weupe, hakuna ajuaye kutoka wapi. Walitua wengi mno, wakatembea polepole juu ya weusi ule na ukijani ule, wakiinamisha shingo, wakiinua, bila sauti. Waliokuwa wanajenga waliacha nyundo. Watoto wa Orpha waliacha mchezo. Perpetua alisimama kati yao akiwatazama, na kwa muda mrefu hakuna mtu aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea.